Nchi iliyompeleka Gagarin angani ilihitaji kufundishwa nini na kijana wa kujitolea kutoka Marekani?

Mzee wa Volga (mleta mada) #1

Wakuu, salaam. Nina swali nililolibeba tangu nikiwa mwanafunzi, na majibu yote niliyowahi kupewa hayajanikaa sawasawa.

Peace Corps ya Marekani, shirika la serikali linalopeleka wajitoleaji nchi za nje, ilianzishwa kwa amri ya Rais Kennedy tarehe 1 Machi 1961. Wiki sita baadaye, tarehe 12 Aprili, Yuri Gagarin aliizunguka dunia na kutua kwa mwavuli shambani, karibu na mji wa Engels, mkoani Saratov, kando ya mto Volga. Miaka thelathini na moja ikapita, Muungano wa Kisovieti ukavunjika, na mwishoni mwa 1992 kundi la kwanza la wajitoleaji wa Peace Corps likaingia Urusi. Baadhi yao walipangiwa mkoa uleule wa Saratov, kushauri watu juu ya biashara ndogondogo.

Wakati huo nilikuwa nasoma Volgograd, mto uleule, kusini kidogo. Nilikutana na mmoja wao ndani ya treni ya usiku. Alikuwa na umri wa miaka 23, shahada yake ni ya historia, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kuuza hata tenga moja la nyanya. Alikuwa anakwenda kumshauri mkurugenzi wa kiwanda, mhandisi aliyelingana umri na baba yake.

Huku kwetu mjitoleaji alikuja kufundisha hesabu na fizikia kwa sababu mwalimu hakuwapo. Kule mwalimu wa fizikia alikuwapo, tena huyo ndiye aliyetuandikia vitabu vya Mir, wachapishaji wa Moscow, vilivyofika mpaka maktaba zetu. Sasa kijana yule alikwenda kujaza pengo gani?

Nyuki wa Tabora #2

Pengo lilikuwa lugha, mkuu. Katika nchi zote zilizokuwa chini ya kivuli cha Moscow, Kirusi kilikuwa somo la lazima, na watoto wengi walikisoma miaka nenda miaka rudi bila kukipenda. Ilipofika 1989 kila mzazi alitaka mwanawe asome Kiingereza au Kijerumani, lakini walimu waliokuwepo ni wa Kirusi. Ikabidi walimu hao warudishwe darasani kusomea lugha mpya, na ilhali wao wanasoma, wanafunzi wao wanasubiri.

Ndiyo maana Rais Bush, yule baba, alipohutubia Budapest tarehe 12 Julai 1989, tena katika chuo kikuu cha uchumi kilichobeba jina la Karl Marx, aliahidi kuwapelekea Wahungaria walimu wa Kiingereza kupitia Peace Corps. Ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama. Makundi ya kwanza yaliingia Hungaria na Poland mwaka 1990. Hakuna fumbo hapo: mwenye njaa aliomba chakula, akapewa.

Bint Pangani #3

Ndugu yangu Nyuki, jibu lako linamtosha Mhungaria, lakini halimgusi kijana wa kwenye treni. Huyo hakwenda kufundisha Kiingereza, alikwenda kufundisha biashara, na hakuijua biashara. Ukimpeleka mtu akafundishe asichokijua, maana yake hukumpeleka kwa ajili ya somo. Ulimpeleka ili aonekane.

Mimi naisoma hivi. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, na mshindi alitaka sura ya kirafiki ikae katika kila mji mdogo ambao kwa miaka arobaini ulifundishwa kwamba Mmarekani ni nyang'au. Balozi haendi kuishi ghorofa ya tano bila lifti akala kabichi na majirani. Kijana wa miaka 23 huenda, na anafurahi.

Mwalimu Mstaafu #4

Wanangu, mnalizungumza jambo hili kana kwamba lilianzia Ulaya. Mimi ni mmoja wa waliofundishwa na watu hao. Nchi ya kwanza duniani kupokea Peace Corps ilikuwa Tanganyika, na nilipokuwa sekondari miaka ya sitini, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mmarekani mrefu mwenye pikipiki, aliyetamka neno "ng'ombe" kwa namna iliyotuchekesha mwaka mzima.

Wakaondoka mwaka 1969. Mwalimu wetu alituacha katikati ya mlinganyo wa kipeo cha pili, na hata leo nikiuona mlinganyo wa namna hiyo namkumbuka. Walirudi 1979. Kwa hiyo lile swali la kwamba nchi ya kijamaa ilimtaka nini kijana wa kibepari, sisi tulilijibu mapema kuliko Warusi: tulimtaka, tukamwacha aende, tukamtaka tena.

Kipanga #5

Shikamoo Mwalimu. Naomba kurekebisha kidogo kwa heshima. Wa kwanza kufika walifika Ghana, tarehe 30 Agosti 1961. Tanganyika ilitangazwa kwanza, kwani mradi wa kwanza ambao Kennedy aliutangaza mwezi Aprili mwaka huo ulikuwa wetu. Watu wenyewe, wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia 35, walifanyia sehemu ya mafunzo yao El Paso, Texas, na wakaingia nchini kabla ya Uhuru wa Desemba 9. Tulitangulia kwa tangazo, Ghana ikatangulia kwa viatu.

Tofauti ninayoiona ni kwamba hao 35 walikuwa na ufundi mikononi, nao walikuja kupima barabara. Mada ya mzee inauliza kuhusu watu waliopelekwa bila ufundi kwenye nchi ya mafundi.

Mwalimu Mstaafu #6

Marahaba. Nimekubali kuhusu Ghana, ingawa moyo unakataa.

Fundi wa Kikwajuni #7

Nimesoma kwa utulivu, na naona mmesahau kwamba barabara hii ilikuwa na njia mbili. Kabla Wamarekani hawajawapeleka vijana wao kwa wakomunisti, wakomunisti waliwaleta wao kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na vijana wa umoja wao wa vijana, FDJ, walikuja kwa jina la brigedi za urafiki. Nyumba za Kikwajuni, na baadaye majumba ya Michenzani, zina mkono wa Wajerumani hao. Babu yangu alifanya kazi pamoja nao na alikuwa akisifu usahihi wa vipimo vyao, ila alilalamika kuwa hawakuelewa kwa nini mtu anataka ukuta mrefu uani.

Hapa ndipo ninapotaka kuongeza maelezo ya tatu, mbali na lugha na siasa. Katika nchi zile neno lenyewe la "kujitolea" lilikuwa limeshachafuka. Mwaka 1919 wafanyakazi wa reli ya Moscow hadi Kazan walianzisha kazi ya Jumamosi bila malipo, ikaitwa subbotnik, na kilichoanza kama moyo kikageuka kuwa ratiba. Warusi walikuwa na mzaha wao, dobrovolno-prinuditelno, ambao kwa Kiswahili chetu hauhitaji hata kutafutiwa tafsiri, kwa sababu tunao: hiari ya lazima. Aliyewahi kudaiwa mchango wa mwenge anaelewa.

Basi fikirieni mtu wa Saratov aliyesukumwa kujitolea kila mwaka tangu utotoni, anamwona Mmarekani anayesema amekuja kwa hiari yake. Atamwamini vipi?

Mganga wa Sofia #8

Hawakumwamini, Fundi, na mimi ni shahidi. Nilisoma Bulgaria na nikabaki huko muda kwa ajili ya ubingwa. Waliingia Bulgaria 1991 na wakafunga mlango 2013, kwa hiyo niliwaona wakija na kuondoka, kundi baada ya kundi. Bulgaria nayo ilikuwa na brigedi zake, na mji mzima wa Dimitrovgrad ulianza kujengwa mwaka 1947 kwa nguvu za vijana wa brigedi. Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mmoja wao, na alipozungumzia ujana huo macho yalimlenga machozi, halafu dakika hiyohiyo akatukana. Mambo mawili hayo yalikaa pamoja ndani yake bila kugombana.

Katika mji mdogo alikozaliwa mke wake kulikuwa na binti mmoja wa Peace Corps aliyefundisha Kiingereza. Majirani walikuwa na nadharia tatu juu yake: kwamba ni jasusi, kwamba ni mmisionari anayeficha Biblia, au kwamba alikosa mchumba kwao. Bibi wa nyumba alikuwa na nadharia ya nne, nayo ni kwamba mtoto huyu hajui kupika na wazazi wake wamemtupa. Akamfundisha kuandaa akiba ya majira ya baridi, achali za kabichi na pilipili hoho kwenye mitungi ya kioo, na akamkataza kukanyaga sakafu bila sapatu za ndani ili asiumwe figo.

Kwa utaratibu wao mjitoleaji hukaa miezi 27, mitatu ya kwanza ikiwa ya mafunzo, mara nyingi akiishi na familia, na hupewa posho ya kumwezesha kuishi kama watu anaowahudumia. Bibi yule alipoambiwa kiasi cha posho hiyo, aliacha kumshuku. Alisema jasusi asingekubali kulipwa vile.

Jongoo wa Reli #9

Mganga ametaja ujasusi kwa mzaha, lakini Urusi haukuwa mzaha. Katikati ya 2002 serikali ilikataa kuwaongezea viza karibu nusu ya wajitoleaji waliokuwapo, na baadhi ya maofisa walilalamika kwamba wengi hawakuwa na sifa za ualimu. Desemba mwaka huohuo mkuu wa idara ya usalama, FSB, Nikolai Patrushev, akawatuhumu hadharani kukusanya habari za kijasusi, na Urusi ikauvunja mkataba. Zaidi ya wajitoleaji 700 walikuwa wamepita huko kwa miaka kumi. Upande wa Marekani ulikana, ukakumbusha kanuni ya zamani ya shirika: aliyewahi kuwa mwajiriwa wa CIA haruhusiwi kabisa kuwa mjitoleaji.

Si Urusi peke yake. Uzbekistan ilifikia mwisho mwaka 2005 baada ya viza kutoongezwa, Kazakhstan wakaondoka 2011, Turkmenistan 2012.

Sasa tazameni orodha ya pili. Hungaria na Ucheki programu zilifungwa 1997, Poland 2001, Slovakia na nchi tatu za Baltiki 2002. Zote hizo ziliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Kundi moja liliagana na wageni kwa keki, kundi jingine likawanyima viza. Mwenye maelezo moja yanayofunika makundi yote mawili alete.

Bint Pangani #10

Ninalo. Makundi yote mawili yalielewa kitu kilekile, kwamba kijana huyo ni barua ya posta yenye muhuri wa Washington. Waliotaka kujibu barua walimfanyia keki, na ambao hawakutaka walimrudisha kwa mtumaji. Kuhusu hiyo kanuni ya CIA, mlango uliopigwa kufuli hauwazuii majirani kujiuliza kilichomo ndani.

Jongoo wa Reli #11

Bint Pangani ungekuwa wakili ningekukimbia. Hata hivyo Kyrgyzstan, Armenia na Moldova hazikuingia Umoja wa Ulaya, na programu zilizofunguliwa huko mwanzoni mwa miaka ya tisini hazikufukuzwa. Barua yako imekwama wapi?

Mhasibu Mkaidi #12

Nadharia ni nyingi, naomba nilete karatasi. Mwaka 1994 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilizichunguza programu hizi mpya na kusema kwa lugha ya kikaguzi kile anachokisema mleta mada kwa lugha ya treni: zilianzishwa kwa haraka mno, mipango ilikuwa hafifu, na baadhi ya wajitoleaji walipelekwa mahali ambapo kazi yao haikueleweka hata na waliowapokea. Kwa hiyo, wakati mwingine tunatafuta hila mahali ambapo palikuwa na pupa tu. Mkurugenzi wa shirika wakati programu za kwanza zinaanza, Paul Coverdell, aliona mlango umefunguka ambao ulikuwa umefungwa tangu shirika lizaliwe, na hakuna mtu aliyejua utakaa wazi kwa muda gani.

Kuhusu somo la biashara, Albania inanisumbua zaidi ya Urusi. Waliingia 1992. Nchi ilikuwa inatoka katika utawala ambao mtu binafsi hakuruhusiwa hata kumiliki gari, na ndani ya miaka michache watu wakauza nyumba na mifugo wakaweka fedha kwenye upatu wa kampuni zilizoahidi faida isiyowezekana. Mwanzoni mwa 1997 upatu ukaanguka, maghala ya silaha yakavunjwa, na mwezi Machi wageni wakaokolewa kwa helikopta za jeshi la majini la Marekani. Wajitoleaji walirudi Albania 2003. Tuliowahi "kupanda" fedha zetu hapa nyumbani tukisubiri "kuvuna" hatuna ubavu wa kuwacheka Waalbania. Swali langu ni hili: kama kulikuwa na somo moja la biashara lililohitajika katika nchi ile, si lilikuwa hilo? Je, kijana wa historia angeliweza kulitoa? Mimi mwenye cheti cha uhasibu sikumzuia hata shemeji yangu.

Mama Ustawi #13

Habari zenu. Huwa nasoma tu, lakini leo nimeguswa, kwa sababu mnawahesabu walimu na washauri na hamjataja Romania.

Mtawala wake wa kikomunisti, Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966, isipokuwa kwa masharti machache, kwa sababu alitaka taifa liongezeke. Familia zilizaa watoto zisizoweza kuwalisha, nayo serikali ikawa inawapokea katika nyumba zake za kulelea watoto. Alipoanguka Desemba 1989 dunia iliona picha za nyumba zile, na inakadiriwa kuwa watoto zaidi ya laki moja walikuwa katika taasisi. Wengi wao hawakuwa yatima, wazazi wao walikuwa hai. Basi watu wa kujitolea walimiminika kutoka Ulaya Magharibi na Marekani, wengine kupitia mashirika makubwa, wengine walijaza tu lori blanketi wakaendesha wenyewe.

Nasema kama mtu aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii Arusha kwa miaka mingi. Mtoto wa taasisi humkimbilia mgeni yeyote na kumkumbatia, na mgeni hufurahi akidhani amependwa. Sisi wa fani tunajua kuwa hiyo ni dalili ya jeraha. Mgeni anakaa wiki sita, mtoto anamzoea, mgeni anaondoka, anakuja mwingine. Nilifanya kazi katika kituo kimoja, sitakitaja, ambapo mtoto mmoja wa miaka minne aliwaita wageni wote kwa jina moja, jina la wa kwanza aliyemzoea. Hakuwa na haja ya kujifunza majina mengine.

Kwa haki lazima niseme upande wa pili. Utafiti ulioanzishwa Bucharest mwaka 2000, uliofuatilia watoto 136, ulionyesha kwamba waliotolewa kwenye taasisi na kulelewa katika familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotolewa mapema, kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Utafiti huo umenufaisha nchi nyingi. Je, bila wale wa malori na blanketi, na kelele walizopiga walipofika kwao, kuna mtu angeufanya? Sijui nimwekee mjitoleaji alama gani.

Nyuki wa Tabora #14

Mama Ustawi, ahsante sana. Nilikuja na jibu la mstari mmoja na sasa naona aibu kidogo. Hata hivyo sitaliacha: ualimu wa lugha ni tofauti na malezi. Mwalimu akiondoka, Kiingereza kinabaki.

Mchungaji Punda #15

Mimi nilikuwa Mongolia kwa kozi ya mifugo. Wajitoleaji wapo huko tangu 1991, na baadhi yao hupangiwa kuishi kwenye ger, lile hema la duara la manyoya mazito, wakati wa baridi inayofika nyuzi arobaini chini ya sifuri. Kwa hiyo mwongezeni kwenye orodha yenu, pamoja na Uchina na Vietnam.

Naomba pia kuuliza: kwa hesabu ya Mwalimu Mstaafu, je, Tanzania nayo tuiweke kwenye orodha ya nchi zilizokuwa za kikomunisti?

Kipanga #16

Mongolia ni sahihi. Uchina na Vietnam hapana, kwa maana mada inahusu nchi zilizoacha ukomunisti, na hizo mbili bado zinatawaliwa na vyama vya kikomunisti. Ila zinavuruga hoja ya Bint Pangani vizuri sana, ndiyo maana nazitaja. Uchina iliwapokea mwaka 1993, makao yao yakiwa Chengdu, na neno Peace Corps halikutumika, waliitwa wajitoleaji wa urafiki kati ya Marekani na Uchina. Zaidi ya 1,300 walifundisha huko mpaka programu ilipofungwa 2020. Vietnam ilisaini mkataba 2020 na kuwapokea wa kwanza 2022. Kama barua ilikuwa na muhuri wa Washington, Beijing iliisoma kwa miaka zaidi ya ishirini bila kuichana.

Kuhusu Tanzania, tulikuwa wajamaa. Usitutafutie ugomvi na Mwalimu usiku huu.

Mwalimu Mstaafu #17

Nimemsikia.

Bint Pangani #18

Beijing ilibadilisha jina kwenye bahasha kabla ya kuifungua, Kipanga, na hilo ni jibu tosha.

Mwana wa Kakamega #19

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, na ninaleta kisa kimoja tu. Katika shule niliyofundisha tulipokea kijana wa kike kutoka Poland, aliyekuja kwa mpango wa kujitolea unaogharamiwa na wizara yao ya mambo ya nje. Poland ina mpango huo siku hizi, na Kenya na Tanzania zimo miongoni mwa nchi wanazofika. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ya Kimarekani kabisa. Nilipomuuliza, alisema alipokuwa na miaka saba kijijini kwao kulikuwa na mwalimu wa Peace Corps, na yeye ndiye aliyemfundisha mama yake, na mama akamfundisha yeye.

Nikamuuliza kama ndiyo sababu ya yeye kuja Kenya. Akasema hapana, amekuja kwa sababu alitaka kuona Mlima Kenya na tiketi ilikuwa ya bure.

Mhasibu Mkaidi #20

Hatimaye mjitoleaji mwenye hesabu zilizo wazi.

Mganga wa Sofia #21

Kabla mada haijahama, tuitaje Ukraine. Ilianza 1992 na ikaja kuwa programu kubwa kuliko zote za Peace Corps duniani, zaidi ya watu 3,400 kwa jumla. Wajitoleaji waliondolewa Februari 2014 wakati wa machafuko, wakarudi 2015, wakaondolewa tena Machi 2020 pamoja na wenzao wote duniani kwa sababu ya korona, na kabla hawajarudi vita vya Februari 2022 vikaanza. Tangu hapo kazi inafanyika kwa intaneti. Rafiki yangu tuliyesoma naye, ambaye sasa ni daktari Poltava, ananiambia mwanawe anasoma Kiingereza jioni na mstaafu aliyeko Marekani, na kwamba umeme ukikatika wote wawili wanajua kusubiri bila kuulizana. Pengo linalojazwa hapo ni lipi? Nyuki atasema lugha. Mimi nina mashaka.

Nyuki wa Tabora #22

Nitasema lugha, ila safari hii nitasema kwa sauti ya chini.

Jongoo wa Reli #23

Mzee wa Volga umewasha moto ukaenda kulala. Yule kijana wa treni aliishia wapi?

Mzee wa Volga #24

Nipo, nilikuwa nasoma tu. Shukrani kwa wote.

Tulibadilishana anwani, na mwaka 1994 aliniandikia kabla ya kurudi kwao. Aliniambia kwamba miezi mitatu ya kwanza kiwandani hakuna aliyemuuliza kitu. Wafanyakazi walikuwa hawajalipwa mishahara kwa muda mrefu, wengine wakipewa bidhaa za kiwanda badala ya fedha, na mkurugenzi alikuwa na mambo mazito kuliko kuzungumza na mtoto. Siku moja ikaja barua ya Kiingereza kutoka kwa mnunuzi wa nje, mkurugenzi akamwita aitafsiri, wakaandika jibu pamoja. Ikawa ndiyo kazi yake kwa mwaka mmoja na nusu: kusoma na kuandika barua. Somo la biashara lenyewe hakulifundisha hata mara moja.

Siku za Jumapili mkurugenzi alimchukua kwenye kishamba chake nje ya mji, dacha, wakapanda viazi. Aliandika kwamba mhandisi yule alikuwa na daftari la viazi la miaka kumi na minne, mistari, mbolea, mvua, uzito wa kila gunia, na kwamba majira ya baridi ya 1993 familia mbili za ghorofa lao zilikula kutoka kwenye daftari hilo.

Bint Pangani #25

Sasa Mzee, katika ripoti aliyopeleka Washington, viazi aliviandika chini ya kichwa gani?

Mzee wa Volga #26

Nilimuuliza hilohilo. Alisema fomu haikuwa na nafasi ya viazi, kwa hiyo aliandika "mafunzo", bila kusema nani alimfundisha nani.